Mti Haufi kwa Matusi: Nilivyoitazama Taare Zameen Par na Mdogo Wangu

Wandugu, leo mbolea na mihogo zipumzike kidogo. Nataka tuzungumze juu ya filamu moja ya Kihindi, juu ya watoto wanaoitwa wavivu shuleni, na juu ya kosa nililolifanya mimi mwenyewe nyumbani kwetu.

Filamu inaitwa Taare Zameen Par, maana yake ni kama "nyota juu ya ardhi". Ilitoka Desemba 2007. Aamir Khan, yule ambaye wengi wetu tulimjulia kwenye 3 Idiots siku za chuo, ndiye aliyeiongoza na pia anacheza ndani yake. Hadithi iliandikwa na Amole Gupte. Mtoto Ishaan anachezwa na Darsheel Safary. Najua ni ya zamani. Mi nimeipata mwaka huu tu, kwenye flashi ya rafiki, Kihindi kwa sauti na Kifaransa kwa maandishi ya chini.

Niliitazama Jumapili moja na mdogo wangu. Ana miaka 24, anaendesha pikipiki ya abiria, na watu wa mtaa wetu wa Bukavu wanamwamini kuliko wengine wote kwa sababu hasahau mteja wala njia. Lakini yale maandishi ya chini hawezi kuyafuata. Kabla hajamaliza neno la kwanza, sentensi imekwisha kuondoka. Kwa hiyo nilikaa karibu naye, nikamsomea kwa sauti na kugeuza Kifaransa kuwa Kiswahili, zaidi ya saa mbili na nusu. Fikirieni hali hiyo: filamu juu ya mtoto asiyeweza kusoma, na ndugu yangu anahitaji msomaji ili aielewe.

Sitaandika kama mtu wa sinema. Mimi ni mtu wa agronomia, lisanse yangu ni ya mimea na udongo. Ila mtu wa mimea naye ana jambo la kuiambia filamu hii.

Kwanza hadithi kwa ufupi. Ishaan Awasthi ana miaka minane, anakaa Mumbai. Kaka yake Yohaan ni wa kwanza darasani kwa kila kitu. Yeye Ishaan amerudia darasa la tatu na anaelekea kuanguka tena. Anachanganya herufi, kaye zake zimejaa wino mwekundu, mpira akiombwa aurudishe kwa wenzake unakwenda upande mwingine kabisa na ugomvi unaanza. Baba anaamua kwamba ni utundu na uvivu. Anampeleka shule ya kulala, mbali na mama. Kule mtoto anakauka: haongei, haombi kitu, hata kuchora anaacha, na kuchora ndiyo ilikuwa furaha yake yote. Halafu anakuja mwalimu wa sanaa wa muda, Ram Shankar Nikumbh, anayechezwa na Aamir Khan. Huyu anazichungua kaye, anaona makosa yaleyale yanajirudia, anatambua disleksia, kwa sababu naye alikuwa nayo utotoni. Anamfundisha kwa njia nyingine. Mwishoni kuna mashindano ya uchoraji ya shule nzima, na Ishaan anashinda.

Niseme wazi: nusu ya kwanza ni kazi kubwa. Kamera inakaa kwenye urefu wa mtoto. Watu wazima wanakuwa miguu, sauti na vidole vinavyoonyesha. Ishaan anapoambiwa asome kwa sauti, anasema herufi zinacheza, na darasa zima linacheka. Hapo mdogo wangu hakucheka. Aliangalia chini.

Kuna pia tukio la boksi. Nikumbh amekwenda nyumbani kwa wazazi. Baba anang'ang'ania kwamba mtoto ana tabia mbaya. Nikumbh anachukua boksi lenye maandishi ya Kijapani, anampa baba, anamwambia asome. Baba anasema hawezi. Nikumbh anamkaripia kama baba anavyomkaripia Ishaan: jaribu, wewe una kiburi tu. Baba anabaki kimya.

Kwa Wahindi lile boksi ni mfano. Kwetu si mfano, ni Jumatatu asubuhi. Mtoto wa hapa anaamka na Mashi ya bibi yake, anacheza kwa Kiswahili njiani, halafu anaingia darasani na kukuta ubao umeandikwa Kifaransa. Kila mmoja wetu alipewa lile boksi. Wengi tulilifungua polepole, kwa kukariri na kwa fimbo. Na kwa sababu sisi tulilifungua, tunaamini kwamba aliyeshindwa hakutaka. Hilo ndilo kosa la kwanza la shule zetu: hatujui kutenganisha mtoto ambaye bado hajajifunza Kifaransa na mtoto mwenye shida ya lugha au ya kusoma. Dawa zake ni tofauti. Njia ya kuanza kutenganisha ni rahisi: msikilize kwa lugha ya kwao. Mtoto anayesimulia hadithi vizuri kwa Mashi au Kiswahili, na anakwama kwa Kifaransa tu, anahitaji muda na mafundisho mazuri. Mtoto anayekwama hata kwa lugha ya mama yake anahitaji macho mengine.

Basi, sifa nimetoa. Sasa lawama.

Lawama ya kwanza ni juu ya mti. Baba anakuja shuleni kumwambia Nikumbh kwamba mkewe amesoma habari za disleksia kwenye intaneti, ili mwalimu asidhani hawajali. Nikumbh anamjibu kwa hadithi ya Visiwa vya Solomon: kwamba kule watu wakitaka kuondoa miti, hawaikati, wanaizunguka tu na kuitukana, na baada ya siku kadhaa mti unakauka wenyewe. Baba anatoka amevunjika moyo. Watu wengi waliolia kwenye filamu hii walilia hapo.

Mi nilisimamisha filamu. Nikamwambia mdogo wangu: hii si kweli. Mti haufi kwa matusi. Ukitaka kuuua mti bila kuuangusha, menya ganda lake pete nzima kuzunguka shina. Sukari inayotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia tabaka lililo chini ya ganda. Ukikata njia hiyo, mizizi inakufa njaa polepole, huku majani juu bado ni ya kijani. Unaweza kuuimbia nyimbo nzuri kila asubuhi, utakufa vilevile.

Mtasema ninachukua mfano wa mapenzi na kuupima kwa kipimo cha maabara. Subirini. Mfano huo una matokeo. Ukiamini kwamba matusi ndiyo yaliyomuua mtoto, utaamini pia kwamba maneno matamu yatamfufua. Na ndivyo tunavyotoka kwenye filamu hii: tunafuta machozi, tunakumbatia watoto, tunaandika kwenye simu kwamba kila mtoto ni nyota. Kesho yake mtoto yuko palepale, anakumbatiwa, na hawezi kutofautisha b na d.

Sisemi matusi hayaumizi. Yanaumiza, nitawaambia hivi karibuni ninavyojua. Lakini Ishaan alikuwa na shida kabla ya tusi la kwanza. Ganda lilikuwa limemenywa mahali fulani, na kazi ya mtu anayejali ni kutafuta mahali hapo. Nikiingia shambani nikaona majani ya njano, siulizi kama mwenye shamba aliyasemesha vibaya. Nauliza: ni nitrojeni? Ni maji yaliyotuama? Ni mizizi?

Lawama ya pili ndiyo kubwa, na si mimi niliyeiona, ni mdogo wangu. Inapofika sehemu ambapo Nikumbh anaanza kumfundisha Ishaan, filamu inaweka wimbo. Ndani ya dakika chache tunaona mambo haya yote: mtoto anaandika herufi kwa kidole kwenye mchanga. Anafinyanga kwa udongo. Anapaka herufi kubwa kwa rangi. Anaandika ndani ya miraba mikubwa, halafu miraba inapungua. Anajifunza hesabu kwa kupanda na kushuka ngazi. Anasikiliza maneno huku anayafuata kwa macho. Wimbo unakwisha, na mtoto anasoma.

Pale sikuwa na cha kutafsiri, nikanyamaza. Mdogo wangu akasema: "Rudisha pale." Nikarudisha. "Rudisha tena." Mara tatu. Halafu akasema: "Hii njo filme yenyewe. Ile ingine ni kulia tu."

Sijasoma uchambuzi mzuri kuliko huo. Filamu inachukua muda mrefu kutuonyesha mtoto akiteseka, na muda mrefu mwingine kutuonyesha mashindano ya uchoraji, lakini kazi yenyewe inapita kama tangazo la sabuni. Na ile kazi ina majina, ina watu wanaoisomea miaka kadhaa. Kuunganisha sauti na herufi, kuvunja neno kuwa silabi, kutamka, kuelewa maagizo, kusaidia mwenye kigugumizi: hiyo ni ortofonia. Ufaransa, kwa mfano, mtoto mwenye disleksia hupelekwa kwa ortofonisti. Kushika kalamu, kukaa vizuri, kufunga vifungo na kamba za viatu, kupanga mwendo wa mkono na jicho: hiyo ni egoterapia. Nikumbh, bila kuitwa jina lolote, anafanya kazi ya wote wawili. Mchanga na udongo vinafundisha mkono. Sauti na herufi vinafundisha sikio na kumbukumbu.

Na hapo filamu inapotosha kidogo. Inatuonyesha herufi zinaruka na kugeuka kama kwenye kioo, mtazamaji anaondoka akidhani disleksia ni ugonjwa wa macho. Siyo. Kwa watoto wengi wenye disleksia shida kubwa iko kwenye kushughulikia sauti za lugha na kuzifunga na herufi zake. Kugeuza b na d hufanywa na watoto wengi sana wanaoanza kuandika, wenye disleksia na wasio nayo. Mzazi akisubiri herufi ziruke ndipo ashtuke, atachelewa. Na ile orodha ya watu maarufu ambayo Nikumbh anawasimulia wanafunzi, Einstein akiwa ndani, nayo iangaliwe kwa uangalifu: hakuna ushahidi thabiti kwamba Einstein alikuwa na disleksia. Mtoto hahitaji kuwa ndugu wa Einstein ili afundishwe.

Sasa niwaambie ya nyumbani.

Mdogo wangu alipokuwa na miaka minane, mi nilikuwa na kumi na miwili na nilikuwa wa kwanza darasani. Kama Yohaan. Papa alinipa kazi: kila jioni nimsimamie mdogo wangu hadi amalize kunakili masomo. Shuleni alikuwa hamalizi kamwe, mwalimu anafuta ubao yeye akiwa mstari wa pili. Alishika biki kama mtu anayeshika panga, vidole vyote vinne, hadi karatasi inatoboka. Nilikuwa na rula ya mbao. Akikosea neno mara ya tatu, napiga vidole. Siku moja aliniambia, bila kulia: "Yaya, kichwa inajua. Mukono njo inakataa."

Nilimpiga tena, kwa sababu niliona ni jibu la kiburi.

Lilikuwa jibu la mtaalamu. Mtoto wa miaka minane alikuwa amejipima mwenyewe na kutoa majibu sahihi, na hapakuwa na mtu nyumbani wala shuleni wa kuyasoma. Angeulizwa kwa mdomo, angepita. Hesabu za soko alizifanya kichwani kabla yangu. Lakini kila mtihani ulikuwa karatasi na wino. Alirudia darasa la tatu, akarudia la tano, akaacha. Papa alisema si kila mtu ni wa shule. Mi nilikubali haraka, kwa sababu ilinifaa kukubali.

Darasani kwangu mimi mwenyewe kulikuwa na mwingine, mwenye kigugumizi. Akiitwa kukariri, tulikuwa tunamhesabia kwa sauti ndogo, moja, mbili, tatu, hadi neno litoke. Alijifunza kusema "sijui" kwa kila swali, maana "sijui" ilikuwa inatoka haraka. Alipata zero nyingi kwa mambo aliyoyajua.

Hapo ndipo lawama yangu ya tatu inaingia. Filamu inamwokoa Ishaan kwa vitu viwili: mtu mmoja wa ajabu, na kipaji kikubwa cha kuchora. Ondoa kimoja, mtoto amepotea. Je, kama Ishaan angechora vibaya kama sisi wengine? Je, kama shule isingempata mwalimu aliyewahi kupitia shida ileile? Mdogo wangu hakuwa na kipaji cha kumfanya mkurugenzi apige makofi. Alikuwa mtoto wa kawaida na mkono usiomtii. Msaada si zawadi ya mshindi. Na angalieni Rajan, yule rafiki wa Ishaan shuleni anayetembea kwa magongo. Ni mwerevu, ni mwema, anamtambulisha Ishaan kila mahali. Lakini hadithi haimpi hadithi yake. Anabaki wa kumsindikiza mwenzake, halafu tunamsahau kwenye sherehe.

Kwa haki niseme jambo moja zuri ambalo Nikumbh anafanya na ambalo watu hawalitaji. Anakwenda kwa mkurugenzi wa shule na kumwomba mambo madogo yanayowezekana: mtoto aulizwe kwa mdomo badala ya kuandika, makosa ya herufi yavumiliwe kwa muda, yeye apewe saa za kukaa naye. Hapo haongei kama malaika, anaongea kama mfanyakazi. Na mkurugenzi anakubali. Tukio hilo ni fupi, halina wimbo, na ndilo ambalo ningelionyesha kwa kila mkurugenzi wa shule hapa kwetu.

Najua mtaniambia nini, hasa ninyi mnaofundisha. Darasa lina watoto wengi kuliko mabenchi, tangu shule ya msingi ya serikali ilipofanywa bure kuanzia Septemba 2019 wameongezeka, na mshahara unachelewa. Nani ana muda wa mchanga na udongo? Ni swali la haki. Mimi siwezi kulijibu kwa machozi ya Kihindi. Nitalijibu kwa migomba.

Mnyauko wa bakteria uliingia kwenye migomba ya Kivu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Watu wengi walisema shamba limelogwa. Wengine walimlaumu mwenye shamba: mvivu, hapalilii. Hakuna serikali duniani inayoweza kuweka agronomi mmoja kwenye kila kilima. Kilichosaidia kilikuwa mambo machache ambayo mama yeyote anaweza kuyafanya: kuondoa lile ua jekundu linaloning'inia, kwa kijiti chenye panda na si kwa panga, kwa sababu wadudu hubeba bakteria kupitia ua hilo na panga nalo hueneza. Kuunguza panga kwenye moto kabla ya kwenda mgomba mwingine. Kukata shina lililougua mapema. Mtaalamu alikuja kuonyesha, kurudi kuangalia, na kushughulikia yale yaliyoshindikana. Kazi ya kila siku ilikuwa ya wenye shamba.

Mtoto si mgomba, najua. Hatumkati aliyeugua. Lakini mpango wa kazi ni uleule. Ortofonisti mmoja au mtu wa egoterapia mmoja hawezi kukaa kila darasa, na mi sijawahi kumwona hata mmoja katika shule yoyote niliyosoma. Anaweza hata hivyo kuzunguka shule kadhaa, kuonyesha walimu, kupima watoto wachache wenye shida nzito. Na mwalimu, kwa mikono yake, ana vijiti vyenye panda vya kwake.

Kwa mkono: miguu ya mtoto iguse chini au iguse tofali, maana mwili unaoning'inia hauwezi kutuliza mkono. Kalamu ifungwe kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili iwe nene na isiteleze. Herufi mpya ianze kwa kidole kwenye vumbi la uwanja, kubwa, kabla ya kuingia kwenye mstari wa kaye. Anayenakili polepole apewe nusu ya kunakili, au kaye ya jirani, aulizwe kwa mdomo.

Kwa mdomo: mwenye kigugumizi usimmalizie neno, usimwambie "tulia". Msubiri, wewe mwenyewe ongea polepole, na umpe nafasi ya kusoma pamoja na wenzake kwa sauti moja, kwa sababu wengi wenye kigugumizi husoma bila kukwama wakiwa kwenye kundi. Mtoto ambaye matamshi yake hayaeleweki apimwe masikio kwanza. Asiyefuata maagizo marefu apewe agizo moja, halafu la pili.

Kwa kusoma: piga makofi kwa silabi, kwa Kiswahili kwanza. Kiswahili kina bahati hii, kinasomeka karibu kama kinavyoandikwa, wakati Kifaransa kina herufi nyingi zisizotamkwa. Mtoto aliyeshika ba, be, bi, bo, bu kwa lugha anayoisikia sokoni ana kitu cha kusimamia anapoingia kwenye Kifaransa.

Haya hayachukui nafasi ya mtaalamu. Kuna watoto ambao hayo yote hayatawatosha. Ndiyo maana siwezi kuishia kwa mwalimu tu na kumwacha serikali aondoke taratibu. India baada ya filamu hii haikubaki na machozi peke yake. Sheria yao ya 1995 juu ya ulemavu ilikuwa na aina 7. Sheria mpya ya 2016 ilifikisha aina 21, na shida za kujifunza kama disleksia zimo, zimeandikwa. Sisi pia tuna sheria ya kiorganiki namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Ni nzuri. Lakini tunapotamka neno "ulemavu" tunaona kiti cha magurudumu na fimbo nyeupe. Mkono wa mdogo wangu hatuuoni. Sheria isiyo na mtu wa kumtambua mtoto ni kama mbegu bora iliyofungiwa depoti.

Na sisi wenye lisanse? Tumejaa hapa, wengi bila kazi, wengi tunafundisha jioni nyumba kwa nyumba ili tupate za chakula. Kila jioni kuna mtoto mbele yetu anayekwama. Tunaweza kuchukua rula, au tunaweza kuuliza anakwama wapi. Mi nilichukua rula, na nilikuwa na kichwa kizuri tu.

Hukumu yangu juu ya filamu basi ni hii. Itazameni. Nusu ya kwanza itawafundisha kuona. Hadithi ya mti msiiamini. Mwisho na vigelegele vyake upokeeni kama sukari kwenye chai. Lakini inapofika ule wimbo wa mchanga na udongo, fanyeni kama alivyofanya mdogo wangu: rudisheni, rudisheni tena, na muandike kinachofanyika.

Ilipokwisha, tulikaa kidogo bila kuongea. Halafu akaniuliza: "Ile mutoto iko na miaka ngapi?"

"Munane."

"Na mi nilikuwa na munane."

Nilimwomba msamaha kwa ile rula. Alicheka, akasema hata mi nilikuwa mtoto, nisijitese. Akachukua funguo za pikipiki, maana mteja wake wa jioni alikuwa anamngoja. Mlangoni akageuka, akauliza kama ule mchanga unaweza kufanya kazi kwa mtu mkubwa. Nilimwambia sijui, lakini tunaweza kujaribu. Jumapili iliyofuata nilileta beseni la mchanga kutoka Ruzizi. Tumeanza na b.